Ukoka, mwani na kamba: majani yana uwezo gani mbele ya virusi?

Mfugaji wa kamba husoma afya ya bwawa lake kwenye sinia. Ni sinia la wavu lenye chakula kidogo, huzamishwa hadi karibu na tope na kuvutwa juu baada ya saa moja au mbili. Likirudi tupu, kamba wanakula. Likirudi na punje zilezile, zimelowa na kuvimba bila kuguswa, usiku huo halali. Katika ugonjwa wa madoa meupe mambo huenda mbio: kamba huacha kula ghafla, huonekana wakielea juujuu na kandokando ya kingo, miili ya baadhi yao huiva wekundu. Ukimbandua mmoja gamba la kichwani ukaliinua kwenye mwanga, unaona madoa meupe ya nusu milimita hadi milimita 3, chokaa iliyojikusanya ndani ya gamba. Kutoka dalili za kwanza hadi karibu bwawa lote kufa ni siku 3 hadi 10.

Hakuna dawa ya kumtibu kamba aliyefika hapo. Antibayotiki haziui virusi. Chanjo ya kawaida, kwa sababu nitakazozieleza, haishiki. Ndiyo maana soko la viongezeo vya chakula vinavyotokana na mimea limekua: mifuko ya unga wa majani, mafuta ya viungo, dondoo za mwani, yote ikiwa na maneno yaleyale ya "huimarisha kinga" na "hupambana na virusi". Nimesoma maandishi ya kisayansi yaliyo nyuma ya maneno hayo kwa miaka kadhaa, na ningesema hivi: sayansi ipo, na baadhi yake inavutia sana, ila mara nyingi inazungumzia jambo jingine kabisa na lile lililoandikwa kwenye mfuko.

Tuanze na adui. Virusi vya madoa meupe, ambavyo wataalamu huviita WSSV, vilitambuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Asia Mashariki, vikaenea kwenye mabwawa ya bara lile lote, na kufikia mwaka 1999 vilikuwa vimeingia Amerika ya Kati na Ecuador, ambako viliangusha uzalishaji vibaya sana. Vilifika Msumbiji mwaka 2011 na Madagaska mwaka 2012. Mwishoni mwa 2016 vikaingia kwenye mashamba ya kandokando ya mto Logan, Queensland, Australia, nchi iliyokuwa ikijivunia kuwa salama. Kwa virusi, hivi ni vikubwa: DNA yake ina takriban herufi 300,000. Havichagui sana, vinaingia kwa kamba wa baharini, kamba wa mito, kamba kochi na kaa, na kaa anaweza kuvibeba bila kufa, akatembea usiku kutoka bwawa moja hadi jingine. Mla kamba havimdhuru.

Vipo virusi vingine. Vya kichwa cha njano vilijulikana Thailand mwaka 1990, na vya Taura vilipewa jina la mto wa Ecuador mwaka 1992. Lakini majaribio mengi ya mimea yamefanywa dhidi ya madoa meupe, kwa hiyo nitabaki hapo.

Kwa nini chanjo haishiki

Mtu akiugua surua akapona, mwili wake unaikumbuka. Kuna seli zinazobaki na kumbukumbu hiyo, na kuna kingamwili zinazolenga kirusi kilekile kikirudi. Kamba hana seli hizo wala hatengenezi kingamwili. Kamba walionusurika mlipuko wameonekana kuwa sugu kwa wiki kadhaa wakikutana tena na virusi, na wanasayansi bado wanabishana kuhusu namna inavyotokea. Hata hivyo, ile mashine ya kumbukumbu tunayoitegemea tunapochanja watoto, kamba hakuzaliwa nayo.

Alichonacho ni askari wa zamu. Gamba ndilo ukuta wa kwanza. Nyuma yake kuna seli za damu za aina tatu, zinazomeza, kuzingira na kumwaga sumu. Kuna protini ndogondogo zinazotoboa bakteria. Kuna uwezo wa kukatakata vipande vya RNA ya kirusi ndani ya seli. Na kuna mfumo mmoja ambao unaweza kuuona kwa macho: ukikuta kamba ana baka jeusi mahali alipochubuka, hiyo ni kinga ikifanya kazi. Vimeng'enya vilivyokuwa vimelala kwenye damu huamshwa, kimoja kikiamsha kingine, mpaka inatengenezwa rangi nyeusi ya melanini inayomfunika mvamizi kama lami.

Kinachoviamsha vimeng'enya hivyo ndicho kiini cha biashara yote hii. Huamshwa na sukari fulani zilizo kwenye kuta za kuvu na bakteria. Sukari ikigusa vipokezi, kengele inalia, awe mvamizi yupo au hayupo. Basi ukimpa kamba sukari kama hizo kwenye chakula, askari wanasimama kabla adui hajafika. Vyanzo maarufu ni chachu na uyoga, lakini mwani wa kahawia nao una sukari ya ukoo huo, iitwayo laminarini. Katika lugha ya wataalamu hivi ni viamsha kinga.

Mwani

Mwaka 1998 watafiti wa Japani walichapisha matokeo ya kuwalisha kamba wa aina iitwayo kuruma fukoidani, sukari yenye salfa inayopatikana kwenye mwani wa kahawia. Mwani wao ulikuwa Cladosiphon okamuranus, ambao Okinawa hulimwa na kuliwa. Kamba waliolishwa walikufa wachache kuliko wenzao baada ya kukutanishwa na virusi vya madoa meupe. Majaribio mengine yakafuata, likiwemo lililotumia mwani wa jamii ya Sargassum kwa kamba mkubwa mwenye milia, na mwelekeo ukawa uleule.

Kwa nini fukoidani? Maelezo yanayopendwa ni haya: salfa zake zina chaji hasi, zinafanana na zile zilizo juu ya seli ambazo virusi vingi huzitumia kama mahali pa kujishikiza. Kirusi kinanaswa na sukari badala ya kushika seli. Kwenye chupa ya maabara hilo linaonekana vizuri. Tatizo ni safari. Fukoidani ni molekuli kubwa, tumbo la kamba haliimeng'enyi kirahisi, na sina hakika ni kiasi gani kinachopenya hadi kwenye damu ambako mapambano yenyewe yanafanyika. Mimi naegemea upande wa pili, kwamba inafanya kazi zaidi kwa kugonga kengele ya kinga kupitia utumbo, na ile habari ya kunasa virusi ni ya kweli kwenye chupa kuliko kwenye kamba. Jambo hili lina uzito kwa mfugaji. Kinachonasa virusi kinahitaji kuwepo muda wote kwa wingi. Kinachogonga kengele kinahitaji kipimo na ratiba.

Ratiba ndiyo inayosahaulika. Watafiti wa India walimpa kamba mweupe wa kwao glukani, ile sukari ya kuta za chachu, kwa vipindi tofauti, wengine kila siku, wengine kwa kuruka siku, na waliofanya vizuri dhidi ya virusi vya madoa meupe ni waliopewa mara moja kwa siku saba. Kengele inayolia mchana na usiku hufika mahali hakuna anayeisikiliza. Isitoshe, kinga ina gharama: nguvu anayotumia kamba kuwaweka askari macho ni nguvu ambayo hakuitumia kukua. Ukiona mfuko umeandikwa "tumia kila mlo kuanzia kifaranga hadi mavuno", muulize aliyekuuzia jaribio gani lilifanyika kwa ratiba hiyo.

Ukoka

Ukoka ni nyasi ile inayotambaa kila mahali, tunaing'oa mashambani na kuipanda kwenye viwanja vya mpira. Kisayansi ni Cynodon dactylon. Katika miaka ya 2000 watafiti wa India walipima mimea mingi ya tiba za jadi dhidi ya virusi vya madoa meupe, na ukoka ukatokea kuwa miongoni mwa iliyofanya vizuri kabisa.

Tazama jinsi upimaji wa namna hii unavyofanywa, maana ndipo wasomaji wengi wanapopotea. Hatua ya kwanza ni ya mchujo: dondoo ya mmea inachanganywa na virusi kwenye chupa, inaachwa kwa muda, kisha mchanganyiko wote unadungwa kwenye msuli wa kamba. Kamba asipokufa, mmea umefaulu. Lakini umefaulu kufanya nini? Umeharibu virusi kabla havijaingia mwilini. Hata klorini ingefaulu mtihani huo, na hakuna anayeiweka klorini kwenye chakula. Mchujo huo ni halali, unaokoa muda. Kosa ni kuchukua matokeo yake na kuyaandika kwenye mfuko wa chakula.

Kwa ukoka waliendelea na hatua ya pili, wakachanganya dondoo kwenye chakula, wakawalisha kamba, ndipo wakawaambukiza. Hapo pia kinga ilionekana. Hili lina uzito zaidi, na ndilo linalonifanya nisiutupe ukoka pembeni.

Sasa tupige hesabu ambayo makala za kisayansi huwa haziipigi. Tuseme unachanganya dondoo kwa asilimia 2 ya chakula, na bwawa linakula kilo 100 kwa siku. Hizo ni kilo 2 za dondoo kila siku, kilo 200 kwa msimu wa siku 100. Dondoo si unga wa majani. Tuseme kilo 10 za majani makavu zinatoa kilo moja ya dondoo: unahitaji tani 2 za ukoka mkavu. Ukoka mbichi ukikauka unabaki robo, basi ni tani 8 za majani mabichi, kwa bwawa moja. Na dondoo nyingi za maabara hutolewa kwa methanoli, kemikali ambayo ni sumu kwa mtu. Anayekuuzia unga wa majani yaliyosagwa tu, kwa gramu chache kwa kila kilo ya chakula, kisha akakuonyesha matokeo ya dondoo ya methanoli ya asilimia 2, anakuuzia kitu ambacho hakijapimwa.

Adui anayetumia kengele zako

Ukiacha kunasa virusi na kugonga kengele, njia ya tatu ambayo mimea inaweza kusaidia ni kuzuia kirusi kisizaliane ndani ya seli. Hapa watafiti hawatumii majani mazima, wanatumia molekuli moja moja zilizochujwa kutoka kwenye mimea, nyingi zikiwa za jamii ya flavonoidi, na wanaangalia kama jeni za mwanzo za kirusi zinanyamaza. Kirusi cha madoa meupe kina jeni moja inayowashwa mara tu kinapoingia, na wanasayansi huiita ie1. Ikizimwa hiyo, mengine yote hayaendelei. Baadhi ya molekuli za mimea zimeonekana kuipunguza.

Kinachonishangaza zaidi ni jinsi jeni hiyo inavyowashwa. Ndani ya seli ya kamba kuna protini za kupeleka habari za hatari. Moja inaitwa STAT, nyingine ni za ukoo wa NF-kB. Seli ikihisi uvamizi, protini hizi huingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni za ulinzi. Kirusi hiki kimejifunza kuziteka: zikishaingia kwenye kiini, zinawasha ie1 vilevile. Askari anakimbia kupiga kengele, na kengele inamfungulia mwizi mlango.

Kwa hiyo sentensi "bidhaa hii huongeza jeni za kinga" haitoshi kuwa habari njema. Makala nyingi za viongezeo vya mimea huishia hapo: wamelisha kamba wiki nne, wamepima jeni kumi za kinga, saba zimepanda, wanahitimisha kwamba kinga imeimarika. Huenda imeimarika. Huenda pia kamba amesumbuliwa na kitu kwenye chakula na mwili wake unalalamika. Kupanda kwa jeni za kinga ni dalili ya hatari kama ilivyo dalili ya afya, na kinachotofautisha ni kitu kimoja: waliwaambukiza virusi halisi, wakahesabu waliokufa?

Kitunguu saumu kinapata sifa isiyo yake

Kuna njia ya nne, isiyo ya moja kwa moja, na nadhani ndiyo inayoeleza sehemu kubwa ya ushuhuda wa wafugaji. Bwawa halina ugonjwa mmoja. Kamba anayebeba virusi kidogo anaweza kuishi navyo, na kinachommaliza mara nyingi ni bakteria wa jamii ya Vibrio waliotumia nafasi ya kudhoofika kwake. Kitunguu saumu kikipondwa hutoa alisini, oregano ina kavakroli, na mdalasini na karafuu zina mafuta yake. Vyote hivi hubana bakteria. Bakteria wakipungua, vifo vinapungua, na mfugaji anasema kitunguu kimeua virusi. Kimefanya jambo la maana, ila si hilo. Bwawa la jirani lenye virusi vingi na bakteria wachache halitapata nafuu hiyo, na hapo ndipo ushuhuda unapogeuka lawama.

Nchi za Umoja wa Ulaya zilipiga marufuku antibiyotiki za kukuzia mifugo kuanzia Januari 2006, na kiu ya kupata mbadala wa mimea imetokana kwa sehemu kubwa na shinikizo la namna hiyo. Mbadala wa antibayotiki ni mbadala dhidi ya bakteria. Neno "virusi" liliingia kwenye mfuko baadaye.

Vifo sitini kati ya mia

Mfuko ukisema "hupunguza vifo kwa asilimia 33", unatumia kipimo halali kinacholinganisha makundi mawili. Chukua matangi yenye kamba mia wasiopewa kitu, wakafa 90. Chukua mia waliolishwa majani, wakafa 60. Sitini kwa tisini ni theluthi mbili, kwa hiyo vifo vimepungua kwa theluthi moja. Ni kweli kabisa. Ni kweli pia kwamba sitini wamekufa.

Na tangi si bwawa. Kwenye tangi mtafiti anaokota aliyekufa kila baada ya saa chache. Kwenye bwawa aliyekufa ni chakula. Kamba ni walaji wa mizoga, wanamzingira mwenzao anayehema, wanamla akiwa amejaa virusi, na kila mmoja aliyeonja anapata dozi mpya kubwa kuliko ile ya kwanza. Kinga iliyotosha kuhimili dozi moja iliyopimwa kwa sindano inaweza isihimili karamu hiyo. Upande mwingine, sindano inaruka gamba na utumbo na kuweka virusi moja kwa moja kwenye nyama, jambo ambalo halitokei bwawani, kwa hiyo majaribio ya sindano yanaweza pia kuidharau bidhaa inayofanya kazi kwenye utumbo. Jaribio lililo karibu na ukweli ni la kuwalisha kamba nyama yenye virusi, ingawa hapo huwezi kujua nani alikula kiasi gani.

Angalia na joto la maji. Kamba walioambukizwa wakiwekwa kwenye maji ya nyuzi 33 hivi, vifo hupungua sana bila dawa yoyote, kwa sababu virusi hivi havizaliani vizuri kwenye joto hilo. Makala isiyotaja joto la matangi yote, au inayoonyesha kwamba matangi ya majani yalikuwa upande wa dirisha, naiweka pembeni. Halafu hesabu matangi, usihesabu kamba. Kamba 30 kwenye tangi moja wanaambukizana, kwa hiyo wakifa ni tukio moja, hawawi ushahidi thelathini.

Swali la mwisho la kumuuliza mtafiti ni kuhusu walionusurika: walipopimwa kwa PCR, kipimo cha maabara kinachotafuta vinasaba vya kirusi, walikuwa na virusi au hawakuwa navyo? Mara nyingi huwa navyo, kwa kiasi kidogo. Kwa anayevuna na kuuza nyama hilo si tatizo kubwa. Kwa anayetaka kuwafanya wazazi wa kizazi kijacho ni balaa, kwa sababu atakuwa amechagua wabebaji hodari.

Safari ya punje

Chukua glasi ya maji safi, tumbukiza punje kumi za chakula zilizochanganywa na unga wa bizari ya manjano, kaa utazame. Kabla ya robo saa maji yameanza kuwa na rangi. Kiini cha manjano hakiyeyuki vizuri majini, lakini unga wenyewe unamomonyoka, na viini vya mimea vinavyoyeyuka hukimbia haraka zaidi ila huvioni.

Samaki humeza punje mara moja. Kamba hafanyi hivyo. Anaitafuta kwa kunusa, anaishika kwa vigando vyake vidogo, anaigeuza, anaisaga nje ya mdomo, nusu inapeperuka. Punje inaweza kukaa majini saa nzima kabla haijaisha. Dondoo uliyoilipia imeshaenda kulisha mwani wa bwawa. Ndiyo maana wanaochanganya wenyewe hupaka punje mafuta ya samaki, au ute wa yai, au jelatini, wakaziacha zikauke kivulini kabla ya kulisha. Hilo husaidia. Kuchanganya kiwandani ndani ya punje kunazuia kumomonyoka, lakini huko kuna mvuke na joto linalokaribia au kupita nyuzi 80, na alisini au mafuta ya viungo hayavumilii joto hilo. Kila njia ina kinachopotea.

Mmea nao haukai vilevile. Ukoka wa kiangazi na wa masika, wa udongo wa chumvi na wa bustanini, majani na mizizi, vyote vina kiasi tofauti cha viini. Mwani wa Sargassum uliookotwa ufukweni unaweza kuwa umefyonza arseniki na metali nyingine kutoka baharini. Muuzaji makini atakuambia amepima kiini gani na kipo kiasi gani katika kila shehena. Wengi watakuambia jina la mmea tu.

Na mwarobaini?

Huwa nasubiri swali hili. Mti wenye jina la kutibu maradhi arobaini hauwezi kukosekana. Viini vyake kweli vina nguvu, lakini angalia ni nguvu ya nini. Azadiraktini, kiini maarufu cha mbegu za mwarobaini, hutumika kuua wadudu kwa kuvuruga homoni inayowafanya wajivue gamba. Mdudu na kamba ni ndugu kwa mbali, na homoni ya kujivua gamba ni ileile. Kamba mchanga hujivua gamba mara nyingi sana, asipoweza hakui, akishindwa katikati anakufa akiwa amekwama kwenye ngozi yake. Majani yana azadiraktini kidogo kuliko mbegu, na wapo waliojaribu majani kwa vipimo vidogo. Lakini anayemwaga mafuta ya mbegu kwenye chakula cha vifaranga anawapa dawa ya wadudu.

Saponini ni mfano wa upande wa pili. Ni viini vyenye povu, vilivyo kwenye mimea mingi ya tiba. Wafugaji hutumia mashudu ya mbegu za chai yenye saponini kuua samaki waharibifu bwawani, kwa sababu huharibu mashavu ya samaki kwa kipimo ambacho kamba anakihimili. Kwa hiyo hadithi ya kwamba "ni asilia, haina madhara" haina maana hapa. Kila kiini kina kipimo chake na mnyama wake. Tanini, zilizojaa kwenye majani ya mpera na magome mengi, hufunga protini za chakula, na kamba anaweza kukua polepole huku wewe ukidhani unamkinga.

Lini majani yana maana

Rudi kwenye sinia. Kamba mgonjwa hali. Kiongezeo chochote cha chakula kinapita kwenye mlango ambao ugonjwa huufunga kwanza. Siku madoa yanapoonekana, unga wa mwani kwenye sinia utawafikia wazima peke yao, na wazima wakati huo wanakula wenzao.

Kwa hiyo kama majani yana kazi, kazi yake iko mapema. Mlipuko wa madoa meupe hupenda kufuata mshtuko: mvua kubwa inayoshusha chumvi ghafla, baridi ya siku kadhaa, hewa kuisha majini alfajiri, kuwahamisha vifaranga. Mfugaji anayejua msimu wake anaweza kuanza kiamsha kinga siku kadhaa kabla, kwa dozi zenye nafasi, kisha akaacha. Hata hapo hakibebi mzigo peke yake. Kilichobadilisha ufugaji wa kamba zaidi ya majani yote ni vifaranga kutoka kwa wazazi waliopimwa na kuthibitishwa hawana virusi vilivyoorodheshwa, kazi iliyoanzia Hawaii mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990. Kinachofuata ni maji yaliyochujwa na kukaa, uzio wa kuzuia kaa, na nyavu za kuzuia ndege. Kiongezeo cha mimea kikiingia kwenye shamba lenye hayo, jaribio la kweli linawezekana: mabwawa manne kwa kiongezeo, manne bila, vifaranga vya kundi moja, kumbukumbu za kila siku za sinia. Mfugaji mwenye mabwawa manane anaweza kujua zaidi kwa misimu miwili kuliko atakavyojua kwa kusoma mifuko.

Na sinia likirudi limejaa, weka kando ndoo ya kitunguu saumu. Chukua kamba kumi walio dhaifu, kata vipande vya mashavu, weka kwenye alkoholi, peleka kwenye kipimo cha PCR siku hiyohiyo. Funga mlango wa maji, usitoe hata ndoo moja kwenye mfereji unaopita kwa jirani. Nyavu na ndoo za bwawa hilo zisivuke kwenda bwawa jingine. Kama kamba wamefikia ukubwa wa kuuzika, wavune haraka wakiwa bado hai, kisha tia klorini kwenye maji yaliyobaki na uyaache yakae kabla ya kuyafungulia.